Mia Ishirini kwa Themanini, Bila Kupima

Ijumaa iliyopita hospitali ilinipa keki, saa ya ukutani na hotuba nne, zote kutoka kwa watu niliowahi kuwafokea wodini. Nikiwa nakata keki, daktari mmoja msichana, mwaka wake wa kwanza kazini, aliniinamia sikioni. "Dokta, kabla uende, niambie tu kitu moja. Nichukue bima gani? Kuna jamaa anakuja kantini kila Jumanne na hataki kuniachilia." Nikamwambia nitamwandikia. Nadhani alifikiri ninamfukuza kwa adabu. Sikuwa namfukuza. Nilikuwa na kisu mkononi na ukumbi mzima unangoja keki, na jibu lenyewe haliwezi kusemwa kwa kunong'onezana.

Basi naandika, na ninyi wengine someni. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha nje. Zimo kwenye faili langu, na faili lenyewe nililiona mara ya mwisho likizuia mlango wa stoo usijifunge.

Mimi ni mtoto wa Kabazi. Baba alilima viazi na mahindi, mama alikuwa na ng'ombe watatu na maoni mengi. Nilipopata barua ya kuanza kazi Nakuru, mama alinipeleka kwa fundi cherehani Subukia akanishonea koti jeupe kubwa kuliko mimi, eti nitalikulia, kana kwamba ni sare ya darasa la kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi ya kwanza niliingia kliniki ya wagonjwa wa nje nimekunja mikono ya koti mara tatu, nikamkuta kijana mrefu amesimama mlangoni na sanduku lililofungwa kwa kamba. "Hata wewe umepotea?" akaniuliza. Huyo ndiye Kibet. Tukawa marafiki kabla hatujajua choo kiko wapi.

Aliyetupokea ni Sista Rael, muuguzi aliyesimamia kliniki hiyo, mama mfupi na mpana ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia wala akichelewa. Alitukagua kuanzia viatu kwenda juu. "Nyinyi ndio madaktari?" Tukasema ndiyo. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeagiza kuku akaletewa kabichi. Kisha akatukabidhi mashine ya presha. Ninyi mna vile vidude vya betri vinavyolia na kusoma namba vyenyewe. Yetu ilikuwa sanduku la chuma lenye zebaki ndani ya bomba la kioo, mkanda wa kitambaa ulioshonwa ukashonwa tena, na puto la mpira la kubinya kwa mkono. Puto lilipotoboka, Sista Rael aliliziba kwa plasta ya vidonda. Aliiamini mashine hiyo kuliko daktari yeyote, na hakukosa sababu.

Wiki hiyo hiyo foleni ilifika hadi langoni. Mzee mmoja alikuja na maumivu ya goti. Nikalitazama goti, nikamwandikia dawa, na pale kwenye nafasi ya presha nikajaza 120/80, presha ya mtu mzima mwenye afya, presha ya kitabuni. Mkono wake sikuugusa. Sista Rael akaichukua kadi akaisoma.

"Huyu mzee ni nani yako?"

"Simjui, Sista."

"Sasa mbona unajua presha yake na hujamshika?"

Akanitwika lile sanduku. Nilitoka mbio, koti likipepea, nikampata mzee ng'ambo ya barabara akichagua ndizi. Nilimpimia pale pale, ameketi juu ya kreti ya soda, mama wa ndizi akinishikia sanduku lisianguke. Ilikuwa 190/115, na dawa ya goti niliyokuwa nimemwandikia ingeipandisha zaidi. Mama wa ndizi aliniuliza kama mzee atakufa kabla ya kulipa. Nikamrudisha mzee kliniki, nikabadilisha dawa, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika presha ya mgonjwa ambayo sikuipima. Isome sentensi hiyo tena. Nimesema ya mgonjwa.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Sista Rael aliwapima wafanyakazi wote wa kliniki: wafagiaji, makarani, wauguzi, bawabu wa lango. Aliandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Alipofika kwetu alisema, "Daktari, keti nikupime," nasi tulicheka. Daktari ana kazi nyingi. Daktari anajijua. Ukiketi upimwe mbele ya mfagiaji, nani atakuheshimu? Kibet alikuwa na kisingizio kipya kila mwezi na alijivunia kutorudia. Sista Rael hakubishana. Aliandika kitu kwenye daftari, akamwendea mwingine, na sisi hatukuuliza ameandika nini.

Sasa pesa. Mkianza kuzipata mtafanya upumbavu, na sitapoteza wino kuwazuia. Mimi nilinunua gari kwa sababu Kabazi nzima ilitarajia nije na gari. Lilikaa kwa makanika mtaa wa Shabab muda mrefu mpaka mke wake akawa anaanika nguo juu yake. Kibet alinunua ploti Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, kutoka kwa jamaa aliyemwahidi kuwa kila akiamka ataliona ziwa dirishani. Kwa gari langu nililipa bima bila kuchelewa hata siku moja, kwa kuwa polisi wa barabarani huiuliza. Mimi mwenyewe sikuwa na bima ya aina yoyote, kwa kuwa hakuna polisi aliyewahi kunisimamisha kuniuliza nikianguka nani atalipa.

Aliyeliona hilo ni Chepkorir, mke wa Kibet, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuweza kusoma hata menyu ya hoteli bila kuisahihisha. Siku moja tulikuwa kwao tukila ugali na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, Kibet akifanya mazoezi ya kufunga mafundo kwa uzi wa upasuaji kwenye mpini wa droo. Ndoto yake ilikuwa upasuaji. Alifunga mafundo kwenye droo, kwenye miguu ya viti, kwenye vifungo vya shati akiwa kanisani. Chepkorir akamtazama, akanigeukia. "Nyinyi mnaongea gari na ploti. Hamna kitu nyinyi. Mko na hizo mikono tu."

Ndipo Festus akaingia maishani mwetu. Alikuwa ajenti wa bima, viatu vinang'aa, na alikuja kantini kila Jumanne na shajara za bure. Madaktari wanaoweza kukataa rushwa ya shamba zima hawawezi kukataa shajara. "Daktari," alikuwa akisema, mkono kifuani, "wewe unaokoa watu. Nani atakuokoa wewe?" Kumi na mmoja kati yetu tulichukua bima ya maisha kwake mwaka huo, na kumi hatukusoma chochote zaidi ya jina letu. Mkataba wa Kibet ulisomwa na Chepkorir, kwa kalamu nyekundu. Alimwita Festus nyumbani, akamkalisha kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Hapa mmesema akikufa mnalipa."

"Ndiyo, madam, bila wasiwasi."

"Na asipokufa? Akikaa tu hapo, hawezi kazi?"

Festus akasema hilo lipo, lakini ni kipengele cha ziada, cha ulemavu wa kudumu, na madaktari wengi hawakitaki kwa sababu kinaongeza malipo ya kila mwezi. "Kiweke," akasema Chepkorir. Kibet alilalamika wiki nzima kwamba mkewe amemfanya mlemavu kwenye karatasi. Mimi sikukiweka. Niliona heri matairi mapya.

Fomu ya bima ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza unajaza mwenyewe: umewahi kulazwa, umewahi kuambiwa una presha, sukari, na kadhalika. Ya pili anajaza daktari baada ya kukupima. Mwalimu au mkulima hulazimika kwenda kutafuta daktari. Sisi tulikuwa tumezungukwa nao. Kwa hiyo tulikuwa na mtindo wetu, na nina hakika bado mnao, msinidanganye: kusainiana. Tuliketi kantini, fomu mbili na sahani moja ya mandazi katikati.

"Presha?" nikamuuliza Kibet, kalamu tayari.

"Weka mia ishirini kwa themanini."

"Mapigo ya moyo?"

"Sabini na mbili. Mimi ni mtu wa vitabu."

"Uzito?"

"Weka sabini, lakini hiyo usionyeshe Chepkorir."

Nikaweka saini na muhuri. Naye akajaza yangu, 120/80 na sabini na mbili, akaniambia nina afya ya ndama. Hakuna aliyeinuka kwenda kuchukua mkanda, na kliniki ilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Fomu yake ilibaki na doa la mafuta ya mandazi kwenye kona. Nalikumbuka doa hilo kuliko ninavyokumbuka harusi yangu.

Miaka miwili na kitu ikapita. Kibet akapata nafasi ya kwenda kusomea upasuaji. Jumatano moja, saa nne asubuhi, tulikuwa chumba kimoja tukiandika kadi, akaangusha kalamu. Akainama kuiokota, akaiangusha tena. Nikacheka. Alikuwa mtu wa mizaha, na nilidhani anamwigiza mganga mkuu wetu, ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Akanigeukia aseme kitu na nusu ya mdomo wake haikuja. Sista Rael alifika na sanduku la zebaki kabla sijamaliza kupiga kelele. Zebaki ilipanda, ikapanda. 230/130. Alimfungua mkanda taratibu, akanitazama mara moja. Angenitukana ningeshukuru.

Kilikuwa kiharusi. Hakufa. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na ulimi ulikuwa mzito. Hakuwa amefika miaka thelathini na sita. Picha ya kifua ilionyesha moyo uliopanuka, na sote tuliosoma picha hiyo tulielewa maana yake: presha ilikuwa imeishi naye miaka mingi, tangu kabla ya kantini, kabla ya mandazi. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuona wagonjwa. Wote niliwapima.

Chepkorir alipeleka madai ya ulemavu wa kudumu. Kampuni haikulipa, ikatuma mkaguzi. Nilitarajia jitu la suti. Akaja baba mmoja mpole aliyevaa sweta, Bwana Mutua, na mkoba uliochoka. Aliomba chai, akamaliza chai, akafungua mkoba na kupanga fomu kumi na moja mezani kwangu kama anayecheza karata. Zote zilikuwa za madaktari wa hospitali yetu.

"Daktari, nisaidie," akasema. "Huyu, mia ishirini kwa themanini. Huyu pia. Na huyu. Mapigo, sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili. Nimefanya hii kazi miaka mingi. Nimepitisha fomu za wakimbiaji wa Iten. Hata wao hawako na afya kama yenu."

Akaitoa ya Kibet, ile ya doa, akaiweka juu. Alinieleza bila kupandisha sauti. Kampuni iliamini Kibet alijua ana presha, akaficha, na mimi nikamsaidia kuficha. Ikiwa ndivyo, mkataba ni batili na familia haipati kitu. "Kwa hivyo nataka kujua kitu moja tu. Ulimpima? Ukisema ulimpima, daktari wetu atasema na ule moyo hiyo namba haiwezekani, na tutajua mlipanga pamoja. Ukisema hukumpima, basi ulisaini uongo, na nitaandika hivyo, na wakubwa wako watasoma. Fikiria. Nitarudi Jumatatu."

Wakati huo nilikuwa nimepata ile bima nyingine, ya makosa ya kazini, ambayo ninyi mnailipia bila kuifungua. Siku hiyo niliifungua. Niliisoma kwa rula, mstari kwa mstari, nikitafuta mlango wa kutokea. Inalipa ukikosea dawa. Inalipa ukisahau pamba tumboni mwa mtu. Ukurasa wa sita ikasema hailipi cheti ambacho daktari alikisaini akijua si cha kweli. Walikuwa wametufikiria.

Wenzangu tisa walinishauri kwa moyo mmoja, maana fomu zao pia zilikuwa kwenye ule mkoba. "Wewe kaza," mmoja aliniambia. "Sema ulimpima. Nani alikuwa hapo ashuhudie? Mandazi?" Nakiri nilikaribia kukubali. Baba alikuwa ameuza ng'ombe nisome, na nilijiona nikirudi Kabazi bila leseni, nikiwa na koti jeupe la kuchimbia viazi.

Jumamosi nilikwenda kwa Kibet. Alikuwa ameketi kitini mchana wa saa sita, mto mgongoni, akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Kwenye droo nyuma yake mafundo yote yalikuwa bado yapo. Chepkorir hakunikaribisha chai, na kwa Chepkorir hiyo ilikuwa kama kunifungulia mbwa. Alisimama mbele yangu.

"Daktari," akasema. Miaka yote alikuwa ananiita Nyambura. "Ulimpima bwana yangu, ama hukumpima?"

"Sikumpima."

"Na wewe, alikupima?"

"Hapana."

Kibet akatoa sauti kitini. Ilichukua muda nielewe anacheka, na pia analia. Chepkorir aliketi. Akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza, kisha ule ualimu wake ukamrudia, nikauona ukirudi usoni. "Hiyo fomu iko na sehemu mbili," akasema. "Hii ya pili ni uongo wako. Lakini ya kwanza ni yake. Wameuliza kama aliwahi kuambiwa ako na presha, akasema hapana. Je, kuna mtu aliwahi kumwambia?"

"Hakuna. Hakuna aliyewahi kumpima. Alikataa kila mwezi."

"Nani anajua alikataa?"

Sikumbuki nilivyoaga. Sista Rael alikuwa anaishi nyumba za hospitali, na nilimkuta akipalilia sukuma wiki. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matuta kama mtoto aliyetumwa na mwalimu mkuu. Akafuta jembe, akaingia kliniki, akafungua kabati lake na kutoa madaftari matatu ya bluu. "Nilijua siku moja mtakuja kuuliza," akasema. "Nilifikiria mtakuja mkiwa mmepona kiburi, si hivi."

Jumatatu Bwana Mutua alikuja, akanywa chai, akauliza. Nikapiga moyo konde. "Sikumpima," nikasema. "Tulisainiana tukila mandazi. Hilo doa ni la mandazi." Aliandika bila kuinua kichwa. Kisha nikamsogezea madaftari. Alivaa miwani, akaanza na la kwanza, akifuata kwa kidole. Mfagiaji, 130/80. Karani, 145/90, ameambiwa apunguze chumvi. Bawabu, 118/76. Halafu, kila mwezi, mwandiko ule ule wa Sista Rael: Dkt. Kibet, amekataa, anasema ana haraka. Dkt. Nyambura, amekataa. Dkt. Kibet, amekataa, anasema mkono unamuuma. Dkt. Nyambura, amekataa. Dkt. Kibet, amekataa, anasema presha ni ya wazee. Dkt. Kibet, amekataa, anasema yeye ndiye daktari.

Hapo kwenye "yeye ndiye daktari" Bwana Mutua alivua miwani akacheka mpaka akatafuta leso. Sista Rael, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. "Andika huyo kijana hakuficha kitu," alimwambia. "Hakuwa na akili ya kuficha. Hakutaka kujua tu."

Bwana Mutua aliandika hivyo, kwa maneno ya kiofisi. Kampuni ilikubali kwamba mtu hawezi kuficha asichokijua. Kwa kuwa Kibet alikubali fomu iende ikisema amepimwa naye hakupimwa, walikata sehemu, na sehemu iliyobaki wakailipa. Ilitosha mazoezi ya viungo, na Chepkorir hakuhama nyumba wala hakuwatoa watoto shule. Wenzangu tisa waliitwa na kampuni mmoja mmoja wapimwe upya, na wanne walikuta malipo yao yamepanda. Miezi kadhaa hawakunisalimu. Mimi niliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nikapewa barua ya onyo, na mwaka mzima sikuruhusiwa kusaini cheti chochote cha afya. Nilistahili zaidi ya hapo. Bado nafikiri hivyo.

Bwana Mutua alipokwisha kuondoka, Sista Rael alivuta kiti. "Sasa keti." Nikaketi. Alinifunga mkanda, akabinya puto, zebaki ikapanda. 164/104. Yule ndama wa Kibet. Alinipa vidonge siku hiyo, na nimekunywa vya aina moja au nyingine kila asubuhi mpaka leo. Kama Chepkorir asingeniuliza lile swali ningeendelea kuwa na haraka hadi ningeanguka mimi, na mimi sikuwa hata na kile kipengele. Nilikiweka wiki hiyo, baada ya kupimwa, kwa bei ya mtu mwenye presha. Matairi yalisubiri.

Kibet hakuwa mpasuaji. Hilo bima hairudishi, na asiwadanganye mtu. Mguu ulirudi nusu, ulimi ukarudi wote, kwa bahati mbaya ya waliokuwa karibu, lakini mkono wa kulia haukuwahi kufunga fundo tena. Aliishia kufundisha chuo cha uuguzi, na wanafunzi wake nawatambua popote: wakikutana na mtu, kabla ya jina wanamwomba mkono. Ile ploti ya Kamere aling'ang'ania kutouza. Miaka ya karibuni ziwa lilijaa, likaimeza yote. Kibet husema ahadi ilitimia, ziwa linaonekana, na akitaka kuliona vizuri zaidi ataazima boti.

Mimi nilirudi kusaini vyeti mwaka ulipokwisha, na tangu hapo hakuna aliyepata saini yangu bila kuketi. Madaktari, wauguzi, mkurugenzi mmoja aliyedai ana mkutano. Mliniita Mama Mkanda, na mlidhani sijui. Nilijua, na nilipima. Wawili kati yenu mnaosoma hapa mnameza vidonge kwa sababu hiyo, na mnajijua.

Basi binti, jibu lako hili hapa. Yule wa Jumanne mwache aje na shajara yake, lakini nenda nyumbani na karatasi zote, na usome hasa pale wanaposema hawatalipa. Weka kipengele cha ulemavu kabla ya kununua gari, maana ukifa sisi tutakuzika tu, kazi ni usipokufa. Sehemu ya kwanza ya fomu jaza ukweli. Kwa sehemu ya pili, usimpelekee rafiki yako kantini. Njoo kwangu Jumamosi, mkono wa koti ukiwa mlegevu.

Jumamosi ndiyo siku ya Kibet. Huja na fimbo na Chepkorir, na hapa kwangu lipo lile sanduku la zebaki ambalo Sista Rael alituachia alipostaafu. Zebaki imekatazwa siku hizi, kwa hiyo limebaki pambo mezani, na tunatumia kidude cha betri. Anaufunga mkanda mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na anaandika kwa mkono huo huo kwenye daftari la bluu. Jana alinipima ikaja 138/88. Nilikuwa nimekula kachumbari yenye chumvi kwenye sherehe ya kuniaga, na mabaki yake asubuhi. Nikamwambia, "Kibet, nimestaafu. Si uniwekee tu mia ishirini kwa themanini, ya zamani." Alinitazama. Akaishika kalamu, akaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, kisha akanigeuzia daftari nisome.

"Dkt. Nyambura, 138/88. Ameomba nidanganye. Nimekataa."